Kodi Unayolipa, Akiba Unayodai: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Tuseme ni Jumamosi jioni hapa Kyebando. Umetoka zamu, umepita Kalerwe kununua matooke, sasa umekaa mlangoni mwa chumba chako cha mzigo. Mbele ya nyumba mke wako ana kiduka cha sukari, sabuni na mandazi. Anafika kijana mwenye kadi shingoni na kitabu cha risiti mkononi.

"Ssebo, natoka Siti. Leseni ya hiki kiduka iko wapi? Faini yake ni laki moja. Lakini kwa kuwa wewe ni mzee wangu, nipe elfu thelathini tumalize hapa hapa."

Utafanyaje? Wengi wetu tunaingiza mkono mfukoni. Tunaogopa kelele, tunaogopa majirani, tunaogopa kesho kiduka kufungwa. Elfu thelathini inakwenda. Je, imekwenda kujenga mtaro wa Nsooba au imekwenda kununua pombe? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna mahali ilipoandikwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makala hii inaeleza jambo hilo moja tu. Fedha ya mfanyakazi inapotea katika njia mbili: inapotoka kwake kama kodi, na inaporudi kwake kama akiba au msaada. Katika njia zote mbili mwizi hupenya palepale, yaani pale fedha inapopita mkononi mwa mtu bila kuandikwa kwa jina lako. Basi tujifunze kodi zetu ni zipi, haki zetu ni zipi, na ni karatasi gani ya kudai.

TULIKOTOKA

Kodi si jambo geni kwetu, wala manung'uniko juu yake si mapya. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya kibanda: rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, na katika miaka ya 1950 ikaja ile kodi ya madaraja iliyokusudiwa kumtoza kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Kila mwanamume aliyefika miaka 18 alitakiwa kuilipa, na kila mwanamke mwenye ajira pia.

Wazo la kulipa kwa kadiri ya uwezo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika ukadiriaji na ukusanyaji. Chifu na kamati yake ndio waliokadiria mali ya mtu kwa kuitazama: ng'ombe wangapi, baiskeli ipo au haipo, paa ni la nyasi au la bati. Mwenye urafiki na chifu alikadiriwa kidogo, na mwenye ugomvi naye alikadiriwa kikubwa. Januari 1960 wananchi wa Bukedi, mashariki ya nchi, waliinuka kwa hasira kwa sababu ya kodi hiyo na ya machifu walioikadiria, na watu wakauawa.

Wazee wetu wanakumbuka pia misako ya alfajiri. Askari wa serikali ya mitaa waliziba njia, na asiyekuwa na tiketi ya mwaka ule alifungwa kamba pamoja na wenzake akapelekwa gombolola. Mfanyakazi alitembea na tiketi mfukoni kama anavyotembea na roho yake. Na palipo na tiketi ya thamani namna hiyo palikuwa na tiketi bandia pia.

Kodi ya madaraja ilisimamishwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna mtu mwenye haki ya kukusimamisha njiani Uganda akikudai tiketi ya kichwa. Akitokea, huyo ni mwizi.

KODI ZA MAMLAKA YA MTAA ZINAZOKUHUSU

Mwaka 2008 Bunge lilibadilisha Sheria ya Serikali za Mitaa na kuweka kodi mpya, Kodi ya Huduma za Mtaa. Hii ndiyo inayomgusa moja kwa moja mfanyakazi wa kiwanda na wa shamba. Sheria ilipanga viwango kwa mwaka kufuatana na mshahara unaoupeleka nyumbani kila mwezi:

Zaidi ya shilingi 100,000 hadi 200,000: kodi ni 5,000 kwa mwaka.
Zaidi ya 200,000 hadi 300,000: kodi ni 10,000.
Zaidi ya 300,000 hadi 400,000: kodi ni 20,000.
Zaidi ya 400,000 hadi 500,000: kodi ni 30,000.
Zaidi ya 500,000 hadi 600,000: kodi ni 40,000.

Viwango vinaendelea kupanda hivyo, na anayepata zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi hulipa 100,000 kwa mwaka. Hapo ndipo mwisho. Asiyefika 100,000 kwa mwezi halipi, na asiye na kazi halipi.

Soma vizuri neno "kwa mwaka". Kodi hii hukatwa na mwajiri katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, yaani Julai, Agosti, Septemba na Oktoba, kwa mafungu manne yaliyo sawa. Mfano: mfanyakazi anayepeleka nyumbani shilingi 350,000 anadaiwa 20,000 kwa mwaka. Atakatwa 5,000 Julai, 5,000 Agosti, 5,000 Septemba na 5,000 Oktoba. Basi. Ukiona makato hayo yanaendelea Novemba, Desemba mpaka Machi, nenda ofisini uulize fedha hiyo ni ya nani. Tena jua kwamba kodi hii inapaswa kuondolewa kwanza katika mshahara wako kabla ya kukokotoa kodi ya mapato inayokwenda kwa Mamlaka ya Mapato. Shilingi moja isitozwe kodi mara mbili.

Ya pili ni leseni ya biashara. Hii humhusu mwenye duka, saluni au karakana, kama mke wako mwenye kile kiduka. Katika Kampala mamlaka ni KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010 na kushika kazi mwaka 2011 mahali pa Baraza la Jiji la zamani. Kyebando iko katika Divisheni ya Kawempe, na ofisi ya divisheni ndiyo ya kuuliza habari za leseni.

Ya tatu ni kodi ya majengo. Sheria ya mwaka 2005 inasema anayedaiwa ni mwenye nyumba. Nyumba anayoishi mwenyewe na familia yake imesamehewa, lakini vyumba vya kupangisha havikusamehewa. Kwa hiyo mpangaji asikubali kulipishwa "kodi ya majengo ya Siti" na mtu anayepita mlango kwa mlango. Wewe umelipa pango, na hiyo nyingine ni shauri la mwenye nyumba.

Kisha kuna michango ya kijiji: ya ulinzi wa usiku, ya kuzoa takataka, ya barua ya mwenyekiti wa LC1. Hatusemi isitolewe. Kijiji kisichojisaidia hakiendelei. Lakini mchango ni jambo la kujadiliwa katika mkutano wa kijiji, kiasi kikatajwa mbele ya watu, mapato na matumizi yakasomwa. Mchango usiovaa sura ya mkutano usivishwe sura ya kodi.

Kwa ndugu zetu wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, na wa majani ya chai kule Toro, mambo ni hayohayo isipokuwa mamlaka yenu ni wilaya, na makato yenu hupitia ofisi ya shamba. Nanyi msikubali neno "makato mengineyo" kwenye karatasi ya mshahara. Kila kato lina jina lake.

MWIZI ANAPITIA WAPI

Zamani mtoza ushuru alikuwa na kitabu cha risiti na karatasi ya kaboni. Ujanja wake ulikuwa rahisi. Aliondoa kaboni, akakuandikia wewe 30,000 kwenye karatasi ya juu, kisha akaandika 3,000 kwenye nakala iliyobaki kitabuni. Wewe ulikuwa na risiti safi yenye mhuri, na hazina ilikuwa na nakala safi yenye mhuri. Elfu 27 zilikuwa mfukoni mwa mtu. Wengine walichapisha vitabu vyao wenyewe mjini wala hazina haikuona hata hizo elfu tatu.

Kwa sababu hiyo KCCA iliacha utaratibu wa watumishi wake kupokea fedha mkononi. Leo mlipaji anapewa namba ya malipo kwa ajili ya kodi ile na kiasi kile. Kwa namba hiyo analipa mwenyewe benki au kwa simu, na fedha inaingia moja kwa moja katika akaunti ya mamlaka. Namba hiyo ndiyo daftari lako. Mtumishi wa kweli anaweza kuja kukagua, kukuhesabia na kukupa namba. Hana haki ya kupokea fedha kiganjani.

Lakini wizi haukufa. Ulibadilisha nguo. Sasa anakuja mtu anasema, "Mashine haifanyi kazi leo, nitumie kwa simu yangu nitakulipia." Au anakupa namba ya simu ya mtu binafsi akisema ni ya ofisi. Au anakupa ujumbe wa simu uliotengenezwa, ukidai umeshalipiwa. Dawa ya yote ni moja: kabla ya kutuma, angalia jina linalojitokeza kwenye simu yako. Kama ni jina la mtu, simama.

Tusisahau pia mwizi wa kalamu aliye mbali nasi. Mwaka 2012 nchi nzima ilisikia habari za wastaafu hewa: majina ya watu wasiokuwapo yaliyokuwa yakilipwa pensheni, huku wastaafu wa kweli wakilala kwenye korido za ofisi wakisubiri haki yao. Kila jina hewa katika orodha linakula chakula cha mtu hai.

FEDHA INAYORUDI KWAKO

Mfanyakazi akitaja NSSF wengi wanafikiria uzee. Ni kweli, lakini jambo la kwanza ni la mwezi huu. Sheria inataka mwajiri akukate asilimia 5 ya mshahara, naye aongeze asilimia 10 kutoka mfuko wake. Jumla ni 15. Kwa mshahara wa shilingi 300,000 wewe unatoa 15,000, mwajiri anatoa 30,000, na kila mwezi 45,000 zinapaswa kuingia kwa jina lako. Kwa mwaka ni 540,000. Kwa miaka kumi ni 5,400,000 kabla ya kuhesabu faida.

Sasa fikiria mwajiri anayekukata 15,000 kila mwezi, anaandika "NSSF" kwenye karatasi ya mshahara, halafu hapeleki kitu. Amekuibia mara mbili: kile alichokukata na kile alichopaswa kuongeza. Nawe hujui mpaka siku ya kufukuzwa kazi au ya kuzeeka. Sheria inamtaka apeleke mchango kabla ya siku 15 za mwezi unaofuata kumalizika, na akichelewa anatozwa adhabu. Wengine hufanya hila nyingine: wanamkata mfanyakazi asilimia zote 15. Hilo ni kosa. Sehemu ya mwajiri ni ya mwajiri.

Zamani mwenye karakana ya watu watatu alijitetea kwamba sheria haimgusi kwa kuwa wafanyakazi wake ni wachache. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yaliondoa kisingizio hicho: kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mabadiliko hayohayo yaliruhusu mwanachama aliyefika miaka 45 na kuweka akiba miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mafao kamili ya uzee yanaanza miaka 55. Aliyefika miaka 50 na kukosa ajira kwa mwaka mzima anaweza pia kudai. Aliyelemaa asiweze kazi ana fao lake, na akifa mwanachama, warithi wake wana fao lao. Ndiyo maana ni muhimu majina ya mke na watoto yawe katika faili lako, tena yakiwa yameandikwa sawasawa.

Wazazi wetu nao wana haki. Mpango wa serikali wa kuwapa wazee posho ulianza katika wilaya chache, kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulipoenezwa nchi nzima kuanzia mwaka wa fedha 2019/20, umri uliowekwa ulikuwa miaka 80. Hapa tatizo kubwa ni tarehe. Wakati wa uandikishaji wa vitambulisho vya taifa mwaka 2014 wazee wengi hawakujua mwaka wao wa kuzaliwa, na karani aliandika alichoona usoni. Leo mama mwenye miaka 83 ana kitambulisho kinachosema 74, na mashine haimwoni. Mtoto anayempenda mama yake asingoje siku ya malipo. Atafute cheti cha ubatizo au karatasi nyingine ya zamani, aende ofisi ya NIRA kuomba tarehe isahihishwe. Tena akumbuke kwamba posho ile haina "ada ya kuandikwa". Anayemwambia mzee atoe elfu tano ili jina lake "lisukumwe" anamwibia mzee.

Tulijifunza somo hilohilo Julai 2021, wakati wa kufungwa kwa nchi kwa ajili ya Korona. Serikali ilitoa shilingi 100,000 kwa watu wa mijini waliopoteza riziki, na fedha ikatumwa kwa simu. Orodha zilipitia mitaani kwetu. Wako waliostahili ambao jina la kitambulisho na jina la namba ya simu havikulingana, wakakosa. Orodha inapoandikwa gizani, mnyonge ndiye hukosa kwanza.

Na tangu mwaka 2022 upo Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ambao kila muluka ulipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya moja milioni moja. Fahamu mambo mawili. Kwanza, huo ni mkopo wa mfuko unaozunguka, wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na jirani yako anangoja uurudishe ili naye apate. Pili, mkopo wa milioni moja ni milioni moja. Ukipokea na mtu akakudai laki moja ya "asante", utarudisha milioni kamili ilhali ulifanyia kazi laki tisa tu.

UFANYE NINI

Kwanza, dai karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako, kwa lugha unayoweza kuielewa. Zihifadhi zote katika bahasha moja, hata kama ni za miaka kumi.

Pili, kila baada ya miezi mitatu uliza NSSF taarifa ya akiba yako, kwa simu au katika ofisi zao. Linganisha mwezi kwa mwezi na karatasi zako za mshahara. Mwezi ukikosekana, andika mwezi huo.

Tatu, usimpe mtu fedha ya kodi mkononi. Omba namba ya malipo, lipa mwenyewe, hifadhi ujumbe na risiti.

Nne, usiende peke yako kulalamika. Mfanyakazi mmoja anayeuliza habari za NSSF anaweza kuitwa mkorofi na kufukuzwa. Wafanyakazi sitini wanaouliza kupitia mwakilishi wa tawi hawawezi kufukuzwa kwa siku moja. Tawi liandike barua, lipeleke nakala NSSF na kwa afisa wa kazi.

Tano, mla rushwa ashtakiwe. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali hupokea malalamiko ya wananchi, na polisi pia. Sheria ya mwaka 2010 inayowalinda wafichuaji wa maovu inakataza mtu kuadhibiwa kwa sababu ametoa habari kwa ofisi hizo, na inampa mfichuaji asilimia 5 ya fedha iliyookolewa kutokana na habari zake.

Na sisi wenyewe tujisafishe. Chama kinachodai daftari la mwajiri na la Siti hakina budi kufungua lake. Ada yako ya chama nayo hukatwa katika mshahara. Mkutano wa tawi unapokuja, mweka hazina asome hesabu, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuziuliza bila kuonekana adui.

Turudi Kyebando, Jumamosi ile jioni. Kijana bado amesimama na kitabu chake, akingoja elfu thelathini. Huna haja ya kupigana naye wala kumkimbia. Mwambie kwa upole: "Mwanangu, karibu. Andika jina langu, nipe namba ya malipo, Jumatatu nitalipa benki. Na jina lako wewe ni nani, unatoka ofisi gani?" Mtumishi wa kweli atakuandikia. Yule mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Halafu Jumatatu nenda kweli ulipe. Kukataa kuibiwa si kukataa kodi. Mitaro, barabara na zahanati hazijengwi kwa maneno. Anayelipa kwa daftari ndiye mwenye mdomo wa kuuliza mtaro umefika wapi.

Umoja ni nguvu.